Ianze na mgambo wa Kagera

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama serikali iwe na huduma maalumu kwa wanajeshi wastaafu, au iwahudumie kama inavyowahudumia wazee wengine. Nasema iwe nazo. Na ianze na wale ambao kwenye vitabu vya Hazina si wastaafu kabisa: mgambo waliopigana Vita vya Kagera.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wa Tanzania, yakashika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, na mapema Novemba daraja la Kyaka kwenye mto huo likabomolewa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Uwezo huo ulikuwa watu. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikuzwa katika majuma machache likazidi 100,000, kwa kuchukua polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na makumi ya maelfu ya mgambo. Mgambo hao walikuwa wakulima, makarani wa ushirika na vijana waliokuwa wamemaliza darasa la saba juzijuzi. Wakapewa mafunzo ya haraka, wakaingia vitani bega kwa bega na askari wa kudumu: Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengine waliendelea kaskazini mpaka karibu na Sudan.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Askari wa kudumu aliporudi alikuwa na namba, cheo na kikosi, na siku ya kustaafu ilipofika alipata kiinua mgongo na pensheni, hata kama ni kidogo. Mgambo wachache waliandikishwa jeshini moja kwa moja. Wengi walirudishwa vijijini. Hesabu ikafungwa hapo.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Ana kipande cha chuma pajani tangu Uganda, na siku za mvua mguu huvimba hata kiatu hakiingii. Kwa kuwa ni mzee asiye na uwezo, dirisha la wazee humpokea bure kama sera ya afya inavyotaka, anaandikiwa dawa za maumivu, anarudi nyumbani. Alipohitaji picha na daktari bingwa aliambiwa alete barua ya kuthibitisha kwamba jeraha ni la vita. Barua hiyo ataipata wapi? Kamanda wa kombania yake alishafariki, karatasi alizopewa zililiwa na mchwa, na ofisi aliyoelekezwa ikamtuma ofisi nyingine. Mwishowe tuliuza kahawa ya msimu mzima ili alipiwe. Usiku bado huamka akipiga kelele na kuwaita watu tusiowajua, na hilo halijawahi kuulizwa na mtu yeyote hospitalini.

Kuna hoja mbili zinazotolewa dhidi ya watu kama yeye, na zote zinastahili jibu la kweli. Ya kwanza ni kwamba mgambo hawakuchangia mfuko wowote, kwa hiyo pensheni ya nini? Tutazame Zanzibar. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi humlipa pensheni kila mwezi kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi, bila kuuliza alichangia nini. Walianza na shilingi 20,000. Kumbe inawezekana kumlipa mtu asiyewahi kukatwa mshahara, mradi aliyelipwa anajulikana kwa jina na shehia yake. Mgambo wa Kagera walichangia kitu kingine, na nchi ilikipokea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu: kwamba fedha za wapiganaji zikishakuwa jambo la siasa huharibu nchi. Zimbabwe wameliona hilo. Mfuko wa fidia kwa waathirika wa vita uliporwa na wakubwa waliojiandikia ulemavu mkubwa huku wakifanya kazi kama kawaida, mpaka ukasimamishwa na tume ikaundwa. Wapiganaji wakaingia barabarani. Mwaka 1997 serikali ya Mugabe ikakubali kumlipa kila mmoja dola 50,000 za Zimbabwe kwa mkupuo na 2,000 kila mwezi, fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo sarafu yao ikaporomoka kwa siku moja. Mwananchi wa kawaida, hata mpigana vita mwenyewe, akalipia kwa bei ya unga.

Lakini ukiitazama vizuri habari hiyo, ubaya haukuanzia kwenye kuwahudumia. Ulianzia kwenye kuchelewa, orodha iliyojaa wakubwa, na ahadi iliyotolewa kwa sababu rais alibanwa. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo tunaweza kufanya kwa utulivu kile ambacho wenzetu walikifanya kwa kusukumwa.

Kazi ya kwanza ni daftari. Jeshi lina kumbukumbu zake, na vijiji vina zao. Huku kwetu kila mtu anajua nani alikwenda vitani na nani alijificha migombani. Jina lisomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, wenzake wawili watatu waliokuwa naye wasimame washuhudie, mtendaji aandike, jeshi lilinganishe na orodha zake. Mdanganyifu hatapita mbele ya watu waliokua naye. Wajane waandikwe pia, maana aliyezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, aliacha mke, na mke huyo akalea peke yake watoto ambao leo nao ni watu wazima.

Ya pili ni matibabu, na hapa sitaki kulegeza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na sheria hiyo imeweka njia ya kuwagharamia wasio na uwezo. Waliomo kwenye daftari wapewe kadi bila kupimwa umaskini wao, na jeraha la vita litibiwe kwa gharama ya serikali, iwe hospitali ya Bugando au ya jeshi ya Lugalo, pamoja na nauli. Na daktari wa akili awemo. Fedha ya mkononi ije ya tatu, kiasi kidogo kisichokatika. Askari waliostaafu kwa utaratibu nao wana madai ya haki. Kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipandishwa mwaka 2015 kutoka kama elfu hamsini hadi kama laki moja, na kila aliyekuwa akinunua dawa za presha anajua laki moja hiyo iliishia wapi. Hao angalau wana mahali pa kudai.

Wazee wengine wa nchi hii walifunga mkanda baada ya vita, nami siwasahau. Nao wanahitaji bima. Ila hawakupelekwa na serikali mahali pa kupigwa mizinga.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa 1978 sasa amevuka 65, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Suala lao limefika bungeni zaidi ya mara moja, na kila tarehe 25 Julai viongozi huweka mashada, ngao na mkuki kwenye minara. Naomba wabunge wetu wa Kagera, makadirio ya Wizara ya Ulinzi yatakaposomwa, waulize jambo moja wasikubali kukaa mpaka lijibiwe kwa tarakimu: mgambo waliopigana wako wangapi hai leo, katika kata zipi, na ni fungu gani la bajeti linalowatibu?