Wakunga wanajibu: Usisubiri uchungu ukiwa mbali na leba

Shikamooni wakunga. Nina miaka 22, mimba ni ya kwanza na imefika wiki ya 37. Kwetu ni ndani ndani huku Makete. Gari la kwenda hospitali ni moja kwa siku, na mvua ikinyesha halipandi mlima. Nitajuaje uchungu umeanza, na niondoke lini? (Msomaji, Makete)

Marahaba mwanetu. Tuanze na la kuondoka: ondoka wiki hii, kabla uchungu haujaanza. Kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote, na ile tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni makadirio tu. Hamia kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali, au uliza kliniki kama hospitali mnayoitegemea ina nyumba ya kusubiria kujifungua. Nenda na mtu wa kukupikia, mkiwa na unga, maharage na nauli ya kurudi. Jiandaeni kwa wiki nne nzima. Ukifika wiki ya 41 kimya, usiendelee kukaa: waone wahudumu wakupime, kwa sababu kondo la nyuma huanza kuchoka na maji ya mtoto hupungua.

Sasa dalili. Uchungu wa kweli hukaza tumbo lote, mara nyingi ukianzia kiunoni na kuja mbele, kisha huachia. Shika simu uhesabu dakika tangu mkazo mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Ukiona mikazo inakaribiana, inadumu zaidi na inauma zaidi, hata ukitembea au ukioga maji ya moto, huo ndio wenyewe. Wa uongo hauna mpangilio, na ukipumzika au ukibadilisha mkao hupotea. Aliye karibu na hospitali na mimba ni ya kwanza huambiwa aende mikazo inapokuja kila dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika 1, kwa muda wa saa nzima. Uchungu ukikukuta bado kijijini, usisubiri kufika hapo. Ondoka mara tu mikazo inapoonyesha mpangilio. Uzazi wa kwanza mara nyingi huchukua saa 12 au zaidi, lakini saa hizo zisiishie barabarani.

Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kutoka siku kadhaa kabla, usikutishe. Chupa ikipasuka, nenda hospitali hata kama huna maumivu. Vaa pedi safi uangalie rangi ya maji, na usiingize kitu chochote ukeni. Maji ya kijani maana yake mtoto amejisaidia tumboni, na hapo ni kukimbia. Ukiona au kuhisi kamba ya kitovu imetangulia, piga magoti, inamisha kifua hadi chini, makalio yawe juu, na mtu atafute usafiri papo hapo. Mkao huo humwondoa mtoto asiibane kamba inayompa hewa.

Haya nayo hayangoji kesho: damu nyingi kama ya hedhi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Wengi huamini mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Si kweli, hubadilisha namna ya kucheza lakini haachi. Kwa dharura piga 115, ni bure, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Wakunga, mkwe wangu ana tarehe zake na uchungu unasuasua. Sisi wazee wa Rungwe tuna majani ya kuchemsha ya kuuharakisha. Mbona kliniki wanayakataa? (Bibi, Tukuyu)

Shikamoo bibi. Majani hayo yana nguvu, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyumba ya uzazi inapokaza, damu inayompelekea mtoto hewa hubanwa. Inapoachia, mtoto huvuta pumzi tena, tuseme hivyo. Dawa ya kienyeji haina kipimo, hivyo mikazo huja mfululizo bila nafasi ya kuachia. Mtoto huchoka, na kizazi kinaweza kuchanika, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa au kuzaa mara nyingi. Hospitali nao wana dawa ya kuongeza uchungu, ila huingizwa kidogo kidogo huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na hupunguzwa ikizidi. Kama ameshakunywa, tafadhali bibi, waambieni wahudumu. Wasipojua, wakimwongezea yao juu yake, mnaweza kuwapoteza wote wawili. Wewe mpe uji, mtembeze, msugue kiuno. Msaada huo ni mkubwa.

Mke wangu atajifungua Julai na huku baridi inaleta barafu kwenye majani. Naweza kuweka jiko la mkaa chumbani? Na nifungashe nini? (Baba mtarajiwa, Mufindi)

Usiweke, ndugu yetu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa hewa safi, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Jaza maji ya moto kwenye chupa zinazofunga vizuri, ziweke kitandani, na uziondoe kabla mtu hajalala.

Mfuko uwe tayari wiki ya 36: kadi ya kliniki, kanga safi zisizopungua nne, pedi, beseni, chupa ya chai, na kwa mtoto kofia, soksi, sweta na blanketi. Glavu, pamba, mpira wa kutandika na vibana kitovu hutofautiana kituo kwa kituo, kwa hiyo uliza mapema. Tafuta pia ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Mtoto akizaliwa akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, anyonye ndani ya saa 1. Kumwogesha kungoje saa 24.

Silali, kiungulia kinanichoma. Na ulanzi kidogo, pombe yetu ya mianzi, una shida? (Mama K., Iringa)

Kula kidogo kidogo, chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa 2 au 3 kabla ya kulala, na inua kichwa kwa mito. Lala ubavu, mto mwingine katikati ya magoti. Ukiamka uko chali, geuka tu. Msuli wa mguu ukikaza usiku, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Ulanzi uache, hata ule mtamu wa asubuhi, maana unaendelea kuchacha kadiri unavyokaa. Vidonge vya damu meza kwa maji, na chai ikae mbali navyo saa 1 au 2, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.