Ukitaka Kuvuta Sleji Kwenye Maziwa ya Boundary Waters

Juzi dada mmoja wa hapa Minnesota, Marekani, ameniandikia. Yeye na mumewe wanataka kwenda Boundary Waters, eneo la maziwa na misitu mpakani na Kanada, mwezi wa pili maziwa yakiwa yameganda, kwa skii (mbao ndefu za kuteleza zinazofungwa miguuni), mizigo wakiivuta kwa sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na tayari wamejipangia kilomita 20 kila siku. Nilifurahi mno. Nilipoanza mimi, Wakenya wenzangu walisema nimerukwa na akili, na muuzaji mmoja wa vifaa akanieleza polepole, kana kwamba mimi ni mtoto, kuwa kule si kwa mtu wa nchi ya joto. Yale maneno yananiuma hadi leo. Msimu huu tulivuka Snowbank Lake tukafika Disappointment Lake, na kila jioni giza lilitukuta moto umeshawaka.

Dada, hizo kilomita 20 zifute. Ramani inakuonyesha ziwa tambarare, haikuonyeshi maji yaliyojificha chini ya theluji. Theluji ikijaa, uzito wake huikandamiza barafu, maji yakapanda kwenye nyufa na kutulia hapo juu. Theluji huyafunika kama blanketi, hivyo hayagandi hata hewa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Skii zikilowa humo, ukizitoa tu zinaganda na kushika theluji, na sleji haisogei. Sisi siku moja yalitukuta hayo: tulivua, tukakwangua, tukavaa, tukaenda kidogo, tukavua tena. Siku ile hatukufika mbali, lakini tulikuwa tumepanga siku za ziada na chakula chake, basi hakuna aliyehangaika. Kikwangua kiweke mfukoni.

Barafu mpya iliyo angavu iwe na angalau sentimita 10 ndipo uikanyage. Ile nyeupe, mara mbili yake. Mito inapoingia na kutoka, na penye mlango mwembamba kati ya maziwa, usiamini kipimo cha jana. Zunguka nchi kavu.

Sleji ifunge kwa vijiti vigumu hadi kwenye mshipi wa kiunoni, maana kwa kamba itakugonga visigino kwenye mteremko. Jiko liwe la mafuta; gesi ya butani hugoma kwenye baridi. Kibali cha kuingia kule majira ya baridi ni bure, unajijazia mwenyewe, na kundi lisizidi watu 9.

Ndugu zangu, ogopeni jasho. Vua koti kabla hujalowa, nguo za pamba ziache nyumbani, nenda polepole. Tower, mji ulio karibu na kule, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Baridi hiyo haimwulizi mtu alizaliwa wapi. Jifunzeni, mwende, muwachukue na watoto wenu wakubwa. Maziwa haya ni yetu pia.

Na kabla hamjaondoka, dada, mwachie mtu ramani yenye njia yenu na saa ambayo, msipoonekana, atampigia sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Sehemu kubwa ya kule simu hazishiki.