Barua kwa mwanangu anayetaka kuhamia Grenoble

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Unauliza: kwa kuwa kazi yako ya kutengeneza tovuti huifanya popote penye intaneti, je, Grenoble kule Ufaransa patakufaa kwa mwaka mzima? Na umeniuliza mimi kwa sababu nilisomea Kifaransa pale kabla hujazaliwa.

Nenda, mwanangu. Ila nenda ukiwa mkazi, usiende ukiwa mpita njia mwenye kompyuta begani.

Hilo linaanza na karatasi. Viza ya Schengen ya muda mfupi, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Ufaransa haina viza maalumu kwa hao wanaoitwa wahamaji wa kidijitali. Najua vijana huambizana waombe viza ya muda mrefu ya mgeni, ile ya visiteur. Lakini anayeiomba hutia sahihi kwamba hatafanya kazi ya kipato akiwa Ufaransa. Wapo wanaosema mteja akiwa Dar es Salaam kazi hiyo haihesabiki. Mimi sikubali. Wewe utakuwa umeketi Grenoble, na mikono inayofanya kazi itakuwa Grenoble. Hatukukulea utie sahihi ahadi ambayo huna nia ya kuitimiza.

Ipo viza ya wanaojiajiri, wenyewe huiita profession libérale. Itakudai mpango wa kazi unaoeleweka, na uthibitisho kwamba kipato chako kinafikia angalau kima cha chini cha mshahara cha kule. Ukishaipata utalipa kodi na michango ya hifadhi ya jamii hukohuko, kwa hiyo huenda bei unazowatoza wateja wako wa sasa zisitoshe. Piga hesabu hiyo kabla hujagusa habari ya tiketi. Na ukifika, ithibitishe viza yako mtandaoni kabla miezi mitatu haijaisha.

Nyumba itakusumbua kuliko viza. Wenye nyumba wengi hutaka kipato kinachokaribia mara tatu ya kodi ya pango, na juu yake mdhamini. Anza kutafuta mapema. Chukua chumba chenye samani: amana haizidi kodi ya miezi miwili, na ukitaka kuhama unatoa notisi ya mwezi mmoja tu. Usikubali chumba cha juu kabisa chini ya paa, hata wakikupunguzia bei. Joto la Julai bonde lile hulishika mpaka usiku, hutalala.

Ndiyo, bonde. Usidhani kwa kuwa ni kwenye milima ya Alps utaishi mlimani. Mji wenyewe uko mita 200 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, pale mito ya Drac na Isère inapokutana. Sisi hapa Moshi tuko juu zaidi. Grenoble ni tambarare tupu, baiskeli inatosha. Milima ndiyo imeuzunguka: Chartreuse kaskazini, Vercors magharibi, Belledonne mashariki. Inapendeza mno, lakini wakati wa baridi hewa nzito hutuama chini pamoja na moshi wa kuni na magari, na ile ya uvuguvugu huifunika kwa juu isitoke. Siku zinaweza kufuatana mji ukiwa kijivu, huku juu jua linawaka. Siku kama hizo funga kompyuta, upande Bastille, ile ngome iliyo juu ya mji. Kuna gari la kamba tangu mwaka 1934, ila miguu ni bora.

Tena kuna saa. Kipindi cha baridi wako nyuma yetu saa mbili. Mteja wa Dar akikupigia saa mbili asubuhi, kwako ni saa kumi na mbili, na Desemba jua litachomoza baada ya saa mbili nyingine. Kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Ukiwa na wateja wa huku tu, unaweza kumaliza wiki nzima hujazungumza na mtu yeyote aliye mtaani kwako. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko baridi.

Kwa hiyo jiandikishe darasa la Kifaransa, hata kama unakijua kidogo. Chuo kikuu cha pale kimekuwa kikifundisha wageni lugha tangu mwaka 1896, na mji umejaa watafiti na wanafunzi kutoka kila pembe. Wengi wamefika juzi tu na wanatafuta rafiki kama wewe. Nenda soko la Saint-Bruno, utasikia Kiarabu na lugha za kwetu Afrika, utapata pilipili. Ukiingia duka lolote, salimu kwanza ndipo uombe unachotaka. Wafaransa katika hilo ni kama wazee wetu, asiyesalimu hahudumiwi kwa moyo.

Nitumie hesabu ya mapato yako ya mwaka jana. Mimi na baba yako tutaipitia Jumapili. Mpango wa kazi uandike kwa Kifaransa mwenyewe, halafu nitakusahihishia.

Mama yako