Mama wa dagaa na kitabu cha Kitereza

Umeuliza kama mhudumu wa maktaba ana haki ya kumwambia msomaji "soma hiki" au "tazama filamu ile", au kazi yake ni kugonga muhuri na kunyamazisha watu. Nimekaa kaunta ya maktaba hapa Mwanza miaka tisa. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Wengi wanaoingia ni wanafunzi na madaftari yao. Wanachotafuta ni meza, taa na utulivu, hasa mitihani ikikaribia, na riwaya zinabaki rafuni zikipigwa vumbi. Mwaka wangu wa kwanza niliamini kwamba mtu akitaka kitabu atauliza. Haulizi. Mtu mzima aliyeachana na vitabu tangu darasa la saba anaona haya kukusogelea na kusema "nisome nini?" Inabidi wewe uanze.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jumamosi alikuwa akimleta mpwa wake kufanya mazoezi ya shule, naye anakaa kumsubiri, kanga begani, anatazama dirishani. Siku moja nikamuuliza, "Mama, kwenu hasa ni wapi?" Akasema Ukerewe. Nikaenda rafuni nikarudi na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Habari za fasihi sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba mzee huyu ni wa kwenu. Alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza 1945, kikakosa mchapishaji mpaka 1980 kilipotoka kwa Kiswahili, tafsiri yake mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Kisha nikamfungulia pale Myombekere anapokwenda ukweni kumfuata mkewe, aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume walikuwa wakimsimanga kwa kukosa mtoto.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Mpwa akamaliza hesabu zake, akafunga begi, mama hakuinuka. Akaniuliza, "Mwanangu, walirudiana?"

Nikamwambia, "Soma, mama."

Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine, hata shule zilipofungwa na mpwa hayupo. Kitabu ni kinene na kina mwendo wa taratibu. Nimeona wasomi wakikiweka chini kwa uvivu. Yeye kila ukurasa ulikuwa na la kumsimamisha. Ananiita kaunta kunieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akikamua ndizi za pombe, na namna mkwe anavyokaa mbele ya mkwewe. "Hapa mzee amepatia," anasema, kidole juu ya mstari. Sikumuuliza kama ana watoto wake, wala yeye hakunieleza. Mgongo wa kitabu ulipoanza kuachia aliniletea uzi wa nyavu, nikakishona kwa huo.

Tangu hapo niliacha kuuliza watu wanapenda vitabu vya aina gani. Swali hilo linamtisha asiyesoma. Namuuliza kwao ni wapi, anashinda akifanya nini.

Nimekosea pia. Msichana wa kidato cha pili nilimwazima Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, naye mtu wa Ukerewe, riwaya ya 1971 ambayo kuna wakati ilizuiwa mashuleni. Humo mna baba anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Siku ya tatu baba wa msichana alifika, akakitupa kitabu juu ya kaunta, akataka kujua ni nani aliyempa mwanawe uchafu. Nilimsihi akae asome japo kurasa kumi. Alikataa, na yule binti sikumwona tena. Bado naamini kitabu kile kinawafaa wasichana, na baba zao zaidi. Lakini nilimkabidhi mtoto kitabu kizito bila neno lolote, mbio mbio, foleni ikiwa ndefu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa filamu nitataja moja. Kijana aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha minofu alitaka kitu kinachohusu ziwa letu. Nikamwambia atafute Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, iliyopigwa hapa hapa Mwanza: sangara, ndege za mizigo zinazopeleka minofu Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki, yanayobaki kwetu. Nilimwambia mapema kwamba 2006 serikali iliilaani hadharani, na kwamba mimi mwenyewe inanigawa. Mapanki ni kweli, nimeyala. Ila Mwanza ya humo ni giza tupu, kana kwamba hakuna anayecheka wala anayesomesha mtoto. Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi mbili alizoandika kwa mkono, mbele na nyuma, akieleza wapi filamu imesema kweli juu ya kazi ya kiwandani na wapi imemwonea mvuvi. Karatasi zile ninazo.

Kwa hiyo ndiyo, mhudumu apendekeze. Nawe ukifika kaunta usimuulize kitabu gani ni kizuri. Mwambie unafanya kazi gani na kwenu ni wapi, halafu mpe nafasi aende rafuni. Na kile cha Kitereza, ukikikuta kina mshono wa uzi wa nyavu mgongoni, kifungue taratibu.