Mkuu, usimwage zege la jamvi bado: hiyo mita 4 ni kipenyo

Msimamishe fundi kwanza. Sikumaliza hata kusoma swali lako la tangi la duara la maji ya mvua unalotaka kujenga, nimefika kwenye "3.14 × 4 × 4 = mita za mraba 50, mara kimo mita 2, lita laki moja", damu ikanichemka. Mstari wa juu umeandika mwenyewe kwamba tangi lina mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Hicho ni kipenyo. Kwenye kanuni ya eneo la duara, 3.14 × nusu kipenyo × nusu kipenyo, inaingia nusu ya hiyo 4, yaani 2. Sakafu yako ni 3.14 × 2 × 2, mita za mraba 12.56. Mara kimo cha mita 2 unapata mita za ujazo 25.12, lita 25,120. Robo ya ulichoandika! Ukisahau kugawa kwa mbili, kosa linaingia mara mbili kwa sababu namba ile inajizidisha yenyewe, unatoka na jibu kubwa mara nne.

Langu liko hapa uani, Dodoma, kipenyo mita 3 kwa ndani, kimo mita 2. Fundi, aliyesifiwa mtaa mzima, alinitumia WhatsApp mchoro wa kalamu ya bluu: duara, mshale kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, juu yake kaandika "R = 3". R ni nusu kipenyo, sasa R gani hiyo inayovuka duara zima? Lakini mimi nani nimbishie, hesabu tuliachana kwa amani zamani, kila mtu na njia yake. Chini akaandika lita 56,520, kapigia mistari miwili. Na ufundi tulishapatana alipwe kwa kila lita elfu moja. Umenielewa hapo? Nimelipa ufundi wa lita elfu hamsini na sita kwa tangi la lita 14,130. Hajarudisha hata mia. Nikimpigia ananijibu, "Mzee, kwani tangi halishiki maji?"

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Mvua za huku zikikatika Aprili, mpaka Desemba ndio unazisikia tena. Nyumbani tunatumia ndoo kumi kwa siku, lita 200. Kwa hesabu ya yule bwana, 56,520 gawa kwa 200 ni siku 282, kiangazi chote na chenji inabaki, ndiyo maana nikawa mkarimu, majirani wakawa wanachota. Kwa ukubwa wake wa kweli ni siku 70, na hapo majirani hujawahesabu. Kabla Julai haijafika koki ikaanza kukohoa: inatema hewa, inanyamaza, inatoa uzi mwembamba wa maji yenye tope. Sasa mtu anayeamini ana tangi la elfu hamsini na sita akiona hivyo atawaza nini? Linavuja. Nikamwita fundi yuleyule (cheka tu, nimeshazoea). Akalizunguka anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari, akasema nyufa ziko chini kwenye sakafu, tangi likaushwe. Tukayamwaga maji yaliyobaki. Kiangazi, Dodoma, watu wazima tunamwaga maji ardhini! Akabandua lipu yote ya ndani, akapiga upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, akalipwa tena. Ufa hata mmoja haukuwepo.

Aliyenifumbua macho ni dereva wa boza. Boza lake la lita elfu kumi lilipomaliza kumwaga, akapanda ngazi akachungulia, maji yamekaribia mita moja na nusu. Akashuka, akanitazama kwa huruma: "Mzee, ndilo hili la elfu hamsini na sita?"

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yasahau: mraba kwanza. Kabla hujaigusa 3.14, zidisha kipenyo kwa kipenyo. Huo ni mraba ambao duara lako linakaa ndani yake likigusa pande zote nne. Wako ni 4 × 4 = 16. Duara haliwezi kuuzidi mraba lililomo, kila siku ni robo tatu yake na ushee, asilimia 78.5 kwa anayetaka ukali. Wewe umeingiza 50 ndani ya 16! Jibu likizidi mraba, chana karatasi uanze upya, hata kama aliyeandika ana cheti na kofia ya njano.

Unataka laki moja kweli kwa kimo hichohicho? Rudi nyuma: unahitaji sakafu ya mita za mraba 50. Gawa kwa 3.14 unapata 16 hivi, kipeuo chake cha pili ni 4. Hapo ndipo 4 inakuwa nusu kipenyo, na kipenyo ni mita 8. Una kiwanja cha hilo dude? Halafu umesema paa lako ni mita za mraba 60. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi milimita 500 zikupe lita 30,000, hapo gata halijamwaga pembeni. Hiyo laki utaijaza kwa mate?

Kama msingi umeshachimbwa, zungusha kamba, pima urefu wake kwa mita, gawa kwa 6.28, hiyo ndiyo nusu kipenyo. Ila ukizungusha kwa nje, toa unene wa ukuta. Kama ile mita 4 yako ni ya nje, ukuta wa sentimita 15 unakuachia nusu kipenyo cha mita 1.85 kwa ndani, lita 21,500 hivi. Maji hayakai ndani ya tofali.

Uliuliza pia mambo ya rangi ya ndani, bomba la inchi ngapi, sijui na mifuniko. Wapo wataalamu humu watakujibu. Mimi naomba kitu kimoja: tupia hapa picha ya mchoro wa fundi wako kabla hajachanganya zege, na kama kaandika R, muulize mshale wake unaanzia wapi.