Dawa ya presha ilivyoniotesha ndevu, na kosa nililofanya

Wanawake wenzangu wenye presha, hili naliandika kwa sababu lilinikuta na sikuwa na wa kumuuliza.

Presha yangu ilikuwa sugu, nilishakuwa kwenye dawa tatu mojawapo ile ya kukojoza na bado kipimo kinasoma 180 kwa 110, ndo dokta akaniongezea minoksidili. Kushuka ilishuka kweli, ila kama wiki ya tano hivi napaka mafuta usoni nikahisi vinyweleo kwenye paji, halafu katikati ya nyusi, halafu vikashuka mashavuni mpaka kidevuni, baadaye mikono na mgongo. Binti yangu akaniuliza, mama mbona una ndevu? Nililia sana siku ile. Nikawa najifunga mtandio hata ndani kwangu, jirani mmoja akasema homoni zimeharibika, mwingine akasema nimerogwa.

Nikaacha vidonge kimya kimya. Siku ya nne kichwa kinagonga, macho yameingia ukungu, kufika hospitali 210 kwa 125, nikalazwa. Jamani, kwa ajili ya ndevu ningepata kiharusi nikawaacha wanangu!

Dokta wa wodini ndo alinieleza kitu ambacho nilitakiwa kuelezwa siku ya kwanza kabisa. Minoksidili inatanua mishipa ya damu, na nywele nazo inaziamsha. Homoni za kiume hazihusiki. Ilipitishwa Marekani kama kidonge cha presha mwaka 1979, na karibu watu 8 kati ya 10 wanaokimeza wanaota nywele, mpaka baadaye ikatengenezwa ya kupaka kwa wenye vipara, ile Rogaine iliyotoka 1988. Amlodipini na losatani, zile wengi wetu tunazomeza, kwa kawaida hazifanyi hivyo.

Kwa hiyo ukiona vinyweleo usiache dawa, rudi kwa dokta umwambie waziwazi, usione aibu. Kunyoa ni ruksa, wembe hauzidishi nywele wala hauzifanyi nene, hayo ni maneno ya mtaani tu. Ukipenda tumia uzi saluni, na krimu ya kuondoa nywele ijaribu kwanza mkononi usije ukaungua uso.

Ila mimi ninachokuombea ukiangalie kuliko ndevu ni maji mwilini. Hii dawa inajaza maji na inafanya moyo uende mbio, ndo maana inatolewa pamoja na ya kukojoza na ya kutuliza moyo kama atenololi, usiruke hata moja. Jipime uzito kila asubuhi, ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, miguu ikavimba au pumzi ikabana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mimi dokta alinibadilishia dawa taratibu, na mwezi wa nne tangu hapo uso ukarudi kama zamani. Dada tuliyelazwa naye, mgonjwa wa figo, hakubadilishiwa maana nyingine zote ziligoma kumshusha, yeye ananyoa kila Jumamosi na vidonge vyake anameza.