Kabla hujaandika dawa ya Flagyl: kwa tabibu anayeanza kazi kando ya ziwa

Mdogo wangu, karibu Mwanza. Ukipangiwa zahanati ya mwambao au visiwa vya Ukerewe, watoto wanaoharisha watakuwa wageni wako wa kila wiki. Kabla ya kushika kalamu, omba kuona choo.

Usiridhike na "anaharisha sana". Fungua nepi utazame mwenyewe. Choo cha maji kisicho na damu mara nyingi ni cha virusi, au cha bakteria ambao mwili utawamaliza wenyewe. Anachohitaji mtoto ni ORS (chumvichumvi ya kurudishia maji mwilini) na zinki. Choo chenye damu na ute, mtoto ana homa na analia akijikamua, fikiria Shigella, bakteria wa kuhara damu. Hapo antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ina kazi. Choo kama maji ya mchele kwa mtoto aliyekauka ghafla ni habari nyingine kabisa: anza dripu na utoe taarifa ya kipindupindu siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba mama akikufikia ameshapita duka la dawa. Usimfokee. Mwite "mayu", yaani mama kwa Kisukuma: "Mayu, pole na mtoto. Hebu nitolee dawa zote ulizompa." Kwenye mkoba itatoka chupa ya antibayotiki ya Septrin iliyobaki nusu, aliyotumia kaka mtu alipokohoa, na vidonge vya Flagyl vilivyofungwa kwenye karatasi. Tumboni mwa mtoto wanaishi bakteria wa E. coli wa kawaida wasiomdhuru. Kila antibayotiki anayomezeshwa bila sababu inaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, nao wanaweza kumpa Shigella vinasaba vya usugu wao. Ndivyo Septrin na ampisilini zilivyopoteza nguvu kwa kuhara damu. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) limeshauri antibayotiki ya sipro (siprofloksasini), miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, na hata sipro sasa inakutana na Shigella sugu. Flagyl ni ya vimelea vya amiba na giadia, haimgusi Shigella.

Utaambiwa kwamba mama hataridhika akiondoka bila antibayotiki. Mimi siukubali utetezi huo. Utafiti wa ABCD, uliochapishwa 2021 na kufanyika katika nchi 7, Tanzania ikiwamo, uliwapa antibayotiki ya azithromaisini watoto wadogo walioharisha maji na waliokuwa katika hatari zaidi. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Mama huridhika akiona mtoto wake amehudumiwa. Kwa hiyo koroga ORS mbele yake: pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji safi, uipime kwa chupa anayoijua. Wengi hukoroga kwenye nusu lita wakidhani inakuwa kali zaidi, kumbe chumvi inazidi na mtoto anaumia. Mwache anyweshe kwa kijiko ukiwa umekaa hapo. Mtoto akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee taratibu zaidi. Aliye chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, na ziwa la mama lisikatizwe.

Zinki ndiyo inayoachwa njiani, kwa sababu kuhara hukata siku ya pili au ya tatu na kidonge kinasahaulika. Ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Mweleze kwamba akimaliza dozi, mtoto amepunguziwa uwezekano wa kuharisha tena kwa miezi miwili mitatu ijayo.

Ukilazimika kumpa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, andika kwenye barua kila antibayotiki aliyokwisha kumeza, hata ile ya dukani, na saa ya dozi ya mwisho. Maabara ikiotesha choo cha mtoto aliyekwisha kunywa dawa, bakteria wanaweza wasiote kabisa, na daktari wa wodini akadhani hawakuwapo.